Weka Sahihi Hapa

Tarehe 3 Februari

Kwa Ofisa Elimu wa Wilaya

Mheshimiwa,

Nakurudishia waraka wako. Usishtuke kuuona mwekundu. Si damu, ni kalamu. Kwa miaka ishirini na sita, kule nilikotoka na hapa nilipofikia, nilikuwa msahihishaji katika viwanda vya uchapaji. Kazi yangu ilikuwa kusoma kila kitu kabla hakijaingia mashineni: vitabu vya shule, kalenda, kadi za harusi, matangazo ya tanzia. Nimestaafu, lakini mkono haujapewa barua yake ya kustaafu.

Makosa ya tahajia ni mawili tu, hongera. Haya mengine si ya tahajia.

Mstari wa tatu unasema kwamba "katika azma ya kuboresha mazingira ya kujifunzia" shule yetu "itaunganishwa". Mbao mbili zikiunganishwa, zote mbili zipo. Nikaendelea kusoma nikitafuta mbao yetu iko wapi, mpaka ukurasa wa pili, ndani ya mabano, nikaikuta: shule inafungwa tarehe thelathini na moja Machi, na watoto watakwenda kusoma ng'ambo ya barabara kuu. Jambo lenyewe umeliweka kwenye mabano. Kwa kazi yetu, mabano ni pa kuweka kinachoweza kufutwa bila sentensi kuumia.

Mjukuu wangu yuko darasa la tano. Kutoka mlangoni kwetu hadi lango la shule ni hatua mia nne na kumi. Tulizihesabu pamoja siku yake ya kwanza, alipokuwa akiogopa. Kwenda ng'ambo ya barabara kuu hatua zitatushinda kuhesabu, na madereva wa malori hawahesabu chochote.

Sasa kipande cha kukata, pale chini. "Nimesoma waraka huu. Weka sahihi hapa." Kisha, kwa herufi ndogo kama chawa: "Asiyerejesha kipande hiki atahesabiwa kuwa ameridhia." Anayerudisha amekubali, asiyerudisha amekubali. Nimewahi kuona mlango wenye kitasa upande mmoja tu, Mheshimiwa, na haukuwa mlango wa shule.

Nimekirudisha kitupu. Siweki sahihi. Sababu ninayo na si ya kumwambia mtu nisiyemjua. Ninachoomba ni sentensi moja, fupi, yenye mtenda na kitendo: kwa nini shule inafungwa?

Bibi wa mtoto wa darasa la tano
(bila sahihi)


Tarehe 19 Februari

Ofisi ya Elimu ya Wilaya
Kitengo cha Mawasiliano
Kumb. Na. EW/MW/07/118

Ndugu Mzazi,

YAH: MAONI YAKO KUHUSU UBORESHAJI

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Ofisi imepokea maoni yako na inakushukuru kwa moyo wako wa kushirikiana. Maoni hayo yatafanyiwa kazi kwa mujibu wa taratibu.

Unaarifiwa kuwa vipande vyote 214 vilivyotolewa vimerejeshwa. Kati ya hivyo, 197 vimeonyesha kukubali, sawa na asilimia tisini na mbili; vilivyobaki 17 vimeharibika kwa kuandikwa maneno mengine. Kipande chako, kwa kuwa hakikuandikwa pingamizi lolote, kimejumuishwa katika waliokubali.

Baraza la Elimu la Wilaya litakaa tarehe 20 Machi kuidhinisha.

Elimu ni ufunguo.

Kny. Ofisa Elimu wa Wilaya


Tarehe 24 Februari

Kwa Ofisa Elimu wa Wilaya, na si kwa Kny.

Mheshimiwa,

Huyu Kny, huyu "kwa niaba ya", nimemfahamu maisha yangu yote. Ana ndugu katika kila ofisi, anatia saini kila kitu, na siku ya kuulizwa hayupo. Msalimie. Barua hii naomba uisome wewe.

Kurasa mbili za wino mwekundu zimehesabiwa kuwa kukubali. Ningeandika kwa wino wa bluu sijui ningehesabiwa nimefanya nini, labda nimejitolea kubomoa.

Niliposoma ile asilimia tisini na mbili niliamini kwanza kwamba ni mimi peke yangu niliyekasirika. Uzee una mambo hayo. Unaweza kudhani dunia imepinda kumbe ni miwani. Nikachukua kiti changu cha kukunja nikakaa nje ya lango la shule saa ya watoto kutoka, siku nne mfululizo, nikiuliza kila aliyekuja kuchukua mtoto: wewe ulikubali shule ifungwe?

Wa kwanza alikuwa Mama Pacha, anayeshona sare katika kibanda kinachotazamana na lango.

"Ifungwe kwa nani, Bibi? Nani kasema?"

"Wewe. Umo kwenye tisini na mbili."

"Mimi niliambiwa niweke sahihi, nikaweka. Basi."

"Uliwekaje?"

Akaachia mkasi, akachora hewani kwa kidole: chini kidogo, kisha juu kwa mvuto. Tiki.

"Hiyo ndiyo sahihi?"

"Sasa sahihi ni ipi? Mwalimu akisahihisha daftari la mtoto anaweka nini, pilipili?"

Nikamwita Fundi, yule mpiga plasta mwenye mtoto darasa la pili. Alicheka akakiri kwamba yeye aliweka tiki mbili. "Nilimwona jirani kaweka moja, nikasema nisionekane mchoyo." Muuza vyuma chakavu, ambaye tunamwita Kimya kwa sababu hanyamazi, alikuwa na nadharia yake. "Saini naijua, Bibi. Saini ni ile unayoitiwa wakikukamata. Hii wameandika sahihi. Nikasema leo na mimi nimepata mtu wa kumsahihisha. Nikasoma juu juu, nikaona 'kuboresha', nikawapa vema."

Unaona lilipokwama gari, Mheshimiwa. Mtaa huu ni wa watu waliotoka kila upande, wengi wao kama mimi, na Kiswahili walichonacho wamekiokota sokoni na kwenye madaftari ya watoto. Kwao kuandika jina lako kwenye karatasi ni saini. Sahihi ni alama ya mwalimu, ya jibu lisilo na kosa. Kamusi itakutetea wewe; neno lina maana zote mbili. Lakini kamusi haina mtoto darasa la kwanza.

Hukupata idhini ya watu mia moja tisini na saba. Ulipata watu waliofanya walichoambiwa, kwa adabu, wakidhani wanasahihisha kazi yako. Na wangekuwa wanasahihisha kweli, ungepata sifuri.

Kwa hiyo naomba mambo yawe wazi kabla ya tarehe ishirini Machi. Iondoe hesabu ile. Kisha uje mwenyewe, usimame mbele yetu, uusome waraka wako kwa sauti, neno kwa neno, mabano na yote. Simwiti mtu kuja kutuelimisha. Nataka tu nisikie kama mdomo wako unaweza kuusema.

Bibi wa mtoto wa darasa la tano
(bila sahihi)


Tarehe 2 Machi

Bibi,

Naandika mwenyewe, kwa mkono, na barua hii haimo kwenye jalada.

Niseme kwanza kwamba hukutenda vizuri kukaa langoni na kuwahoji wazazi kama askari wa kodi. Mwalimu mkuu amenipigia simu mara tatu. Mimi nami nina wakubwa wangu, na barua zako wameziona.

Lakini nilikwenda kabatini nikavitoa vipande nikavitandaza mezani. Nilikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kuja ofisini. Napenda kuhesabu mwenyewe. Ni kama ulivyosema. Tiki mia moja themanini na saba. Saini tisa. Na kimoja kitupu, chako. Sikulala vizuri, kama hilo linakufurahisha.

Hata hivyo kuna jambo hulijui, na unapigana na usichokijua. Ule waraka niliuandika mimi. Si Kitengo. Uliomba sentensi moja yenye mtenda na kitendo, basi hii hapa: ukuta wa jengo la nyuma umepasuka. Mhandisi alikuja mwezi Novemba, akapima, akasema vyumba vile vitatu visitumike muda mrefu. Fedha za kujenga upya hakuna mwaka huu. Uamuzi wa kufunga ulitokana na hapo.

Utaniuliza kwa nini sikuandika hivyo. Katika kituo changu cha kwanza nilitangaza wazi, kwa kipaza sauti, kwamba paa la darasa moja linavuja na si salama. Nusu saa baadaye wazazi mia tatu walikuwa langoni wakisukumana, na mtoto mmoja alivunjika mkono kwenye lango lile. Si kwenye paa, Bibi. Kwenye lango. Tangu siku hiyo nimejifunza kuandika polepole. Tunaita kuepusha taharuki.

Nakuomba hili la ukuta libaki kati yetu mpaka tarehe ishirini. Watoto watahama, watakuwa salama, na hakuna atakayeumia.

Na nikuulize, kwa kuwa nawe unaniuliza mengi: mtu aliyefanya kazi ya usahihishaji miaka ishirini na sita anashindwaje kuweka sahihi kwenye kipande cha karatasi?

Ofisa Elimu


Tarehe 5 Machi

Ofisa,

Halitabaki kati yetu. Wakati unasoma hapa, tayari halipo.

Darasa la tano liko jengo la nyuma. Chumba cha katikati. Dawati la mjukuu wangu limeegemea ukuta uliousema, na amekuwa akiniambia tangu Desemba kwamba kuna mstari ukutani unaofanana na mto kwenye ramani, na kwamba mto umepata kijito. Nilimsifu kwa kuona vizuri. Nilimsifu, unasikia? Novemba, Desemba, Januari, Februari. Mlijua miezi minne, mkaniandikia kuhusu mazingira ya kujifunzia.

Barua yako ilifika jana asubuhi. Niliisoma nimesimama, nikazipiga zile hatua mia nne na kumi bila kuhesabu hata moja. Mwalimu mkuu alikuwa anaandika ratiba. Nikaiweka barua yako juu ya ratiba yake. Akaisoma, akavua miwani, akasema, "Mimi niliambiwa ni rangi tu imechakaa." Kumbe hata yeye mlimwepushia taharuki.

Unataka kujua taharuki ilikuwaje? Kabla ya saa nne watoto wa vyumba vitatu walikuwa nje, kwa mistari, wakiimba majedwali ya kuzidisha. Mama Pacha alifunga kibanda akaja. Kimya alikuja na mkokoteni wake wa vyuma, akabeba madawati kumi na mawili kwa safari tatu, na kwa mara ya kwanza alistahili jina lake. Hakuna aliyesukumana. Lango lako lile, mwanangu, halikumvunja mtoto mkono kwa sababu wazazi waliambiwa ukweli. Lilimvunja kwa sababu waliambiwa ukweli kwa kipaza sauti, kisha wakaachwa bila cha kufanya. Mtu aliyepewa dawati la kubeba hasukumi.

Fundi akaingia jengo la nyuma na kamba yake ya timazi, ya kupimia kama ukuta umenyooka. Mwalimu mkuu alimkatalia; Fundi akasema, "Mwalimu, wewe una chaki, mimi nina timazi, kila mtu na chake." Alitoka akikunja kamba. Akasema mhandisi wenu yuko sawa, ukuta umeachia msingi, pasiingie mtu tena. Kisha akaenda kulipima jengo la mbele, ambalo hakuna aliyemwomba. Limenyooka. Vyumba vinne, vizima. Akauliza swali ambalo sijui kama kuna mtu aliwahi kuliuliza ofisini kwenu: "Kwa nini wasisome kwa zamu? Wadogo asubuhi, wakubwa mchana, mpaka ukuta ujengwe?"

Jibu unalo wewe, na hukuwepo.

Labda zamu haziwezekani. Labda walimu hawatoshi. Utueleze. Lakini mlichukua ufa wa jengo moja mkauita mwisho wa shule nzima, mkaufunika kwa neno zuri, mkatuomba tiki.

Sasa swali lako.

Miaka arobaini na moja iliyopita, wiki tuliyokimbia kwetu, nilisimama kwenye foleni mbele ya meza iliyowekwa nje, mtoto mgongoni ana homa. Karani alikuwa na blanketi zimepangwa upande mmoja na karatasi upande mwingine. Akasema, "Weka sahihi hapa." Nikamuuliza ni ya nini. Akasema, "Ya blanketi." Nikaweka. Mimi, niliyelipwa mshahara kwa kusoma, siku ile sikusoma. Mwaka uliofuata nilipoomba kurudi kwetu nilionyeshwa karatasi ile ile. Ilisema kwamba nimeondoka kwa hiari yangu, na kwamba sitadai nyumba wala kiwanja. Sahihi ilikuwa yangu kabisa, nzuri, na mkia wake. Blanketi lilikuwa la kijivu. Lilidumu miaka mitatu.

Tangu siku ile sijatia sahihi karatasi ya ofisi yoyote. Mshahara nilikuwa nauchukua kwa dole gumba, na pensheni vilevile. Karani wa benki huniongezea sauti akidhani sijui kusoma. Yule mtoto wa mgongoni ndiye mama wa huyu wa darasa la tano. Sijawahi kumweleza kwa nini hatuna kwetu pa kurudi. Nimekueleza wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyekaa kwenye kiti cha yule karani. Simaanishi kuwa wewe ni yeye. Lakini meza ni ile ile, na maneno ni yale yale matatu.

Njoo tarehe kumi na moja, saa nne asubuhi, darasa la pili, jengo la mbele. Njoo na ripoti ya mhandisi. Kiti kitakuwepo ila hutakikalia.

Bibi
(bila sahihi, na sasa unajua)


Tarehe 12 Machi

Bibi,

Shikamoo. Jana sikupata nafasi ya kukuamkia vizuri, ulikuwa mbali nyuma karibu na dirisha, na mbele yangu palikuwa na kichwa cha Kimya.

Nimesoma nyaraka nyingi mbele ya watu, lakini sikuwahi kusoma ya kwangu mbele ya wale niliowaandikia. Nilipofika kwenye "azma ya kuboresha mazingira ya kujifunzia" nilisikia mtoto mchanga akilia, na nikajikuta namwonea wivu, maana alikuwa anaeleweka. Kisha Kimya akasema, "Mheshimiwa, hapo kwenye mabano soma tena, taratibu, mimi mgeni wa mabano." Nikasoma tena. Akasema, "Mara ya tatu, kwa faida ya walio nje." Nikasoma mara ya tatu. Uliona mwenyewe, mara ya tatu sikuweza kumaliza. Nikaikunja karatasi nikasema tu: ukuta umepasuka, nilijua, sikuwaambia.

Nilitegemea kelele. Badala yake yule mama mshonaji akauliza, "Sasa tufanye nini?" na nikakumbuka ulichoandika kuhusu dawati la kubeba.

Asubuhi hii nimefanya yafuatayo. Nimeliandikia Baraza kuiondoa ile asilimia tisini na mbili, nikaeleza kwamba haikuwa hesabu bali kosa langu. Bosi wangu ameniuliza kama najua maana ya neno "uhamisho". Nimemwambia nalijua, ila safari hii sitaliweka kwenye mabano. Nimeuliza pia kuhusu zamu. Walimu wanatosha kwa zamu mbili, kwa shida. Fundi hakukosea, na nina aibu kwamba jambo hilo lilihitaji timazi.

Lakini sitakudanganya. Baraza linaweza kufunga hata hivyo. Ninachoweza kulipelekea tarehe ishirini ni hesabu ya kweli, basi. Kwa hiyo naambatanisha waraka mpya, nusu ukurasa, na vipande 214. Nimeandika hivi:

"Ukuta wa jengo la nyuma si salama na jengo hilo halitatumika tena. Kuna njia mbili. Ya kwanza: shule ifungwe na watoto wahamie ng'ambo ya barabara kuu. Ya pili: wasome kwa zamu katika jengo la mbele hadi jengo la nyuma lijengwe, na siwezi kuahidi ni lini. Je, shule ifungwe? Andika kwa mkono wako NDIYO au HAPANA. Chini yake andika jina lako. Asiyeandika kitu hatahesabiwa kuwa amesema kitu."

Neno "sahihi" nimelitoa. Tafadhali upitie kwa kalamu nyekundu kabla haujagawiwa. Na chako, Bibi, ukikirudisha kitupu nitaelewa. Nitakihesabu kuwa kitupu.

Ofisa Elimu
(na si Kny)


Tarehe 18 Machi

Mwanangu Ofisa,

Marahaba.

Waraka wako nilikuta kosa moja tu la herufi na nikalirekebisha. Sikugusa kingine. Ungekuwa kiwandani kwetu ningekuandikia pembeni "chapa", na kwa miaka ishirini na sita sikuliandika neno hilo bila kusoma mara mbili.

Kifurushi hiki amekileta Kimya mwenyewe kwa mkokoteni, usimcheke, amevaa koti. Vipande vipo vyote mia mbili na kumi na nne. Nilikaa tena langoni na kiti changu, lakini safari hii sikuuliza mtu swali. Nilikaa tu na kalamu za akiba. Wasiojua kuandika waliyasema maneno yao kwa sauti mbele ya watu wawili, na wale wawili wameandika majina yao pembeni. Mama Pacha alitaka kuandika hapana mbili, moja kwa kila pacha. Nilimzuia.

Utahesabu mwenyewe, najua, lakini nikupunguzie hamu: hapana mia moja themanini na moja. Ndiyo ishirini na nne. Tisa hawakuandika kitu, na hao tisa wameacha wazi, hawajaridhia wala kukataa, ni haki yao. Wale ishirini na nne usiruhusu mtu awaseme vibaya. Wengine wana ndugu ng'ambo ya barabara, mmoja anaogopa zamu ya mchana kwa sababu mtoto wake ana pumu na joto linambana. Wamesoma, wameelewa, wamejibu. Ndicho nilichotaka. Tiki hakuna hata moja.

Waambie Baraza kitu kimoja kutoka kwetu, na uwaambie kwa mdomo, maana karatasi hupotea. Wakiheshimu hesabu, tutabeba matofali. Fundi ameshachora mstari wa msingi na kuwagawia watu siku za kazi bila kumwomba mtu ruhusa. Wakifunga, tarehe mosi Aprili watatukuta kwenye madawati ya jengo la mbele, sisi na watoto, zamu zote mbili. Wadogo asubuhi, wakubwa mchana, na sisi wazee muda wote, maana hatuna pa kukimbilia na wengine wetu tulishakimbia vya kutosha. Wakitaka tuondoke walete karatasi. Tutaisoma yote, kwa sauti, hadi kwenye mabano, na itawachukua siku nzima.

Jana jioni nilimsimulia mama wa mtoto habari ya blanketi, kwa simu. Akasema, "Mama, lile blanketi nalikumbuka. Lilikuwa linawasha." Tukacheka mpaka salio likaisha.

Kipande changu nimekiweka juu kabisa, ukikata kamba ndicho utakachokiona. Nilipoketi kukiandika mjukuu wangu alikuwa mezani na hesabu zake. Akaniuliza kwa nini naanza kwa kuandika hewani. Nikamwambia mkono umekaa miaka arobaini na moja bila kazi hii. Akasogeza daftari lake, akanishikia karatasi isiteleze, kwa vidole viwili, kama mafundi wanavyoshikiana ubao.

Nilikisoma mara mbili. Kisha nikaandika HAPANA, na chini yake jina langu lote, na mkia wake.

Limo humo. Lihesabu.

Bibi